Pengo kati ya fremu ya mlango na vigae vya bafuni: kusoma dalili kabla ya kuziba

Mlango wa bafu ni mahali ambapo kazi za mafundi watatu hukutana bila mafundi wenyewe kukutana. Mwashi hujenga ukuta na kupiga lipu, seremala husimamisha fremu, na fundi wa vigae, ambavyo madukani huitwa tailizi au marumaru, huja mwisho, pengine mwaka mzima baada ya wenzake kulipwa na kuondoka. Pengo linalobaki kati ya miimo ya fremu na ukingo wa vigae huwa halina mwenyewe. Katika nyumba za Tanga mjini nilizopata kuzikagua, kuanzia Ngamiani hadi Makorora na Chumbageni, mara nyingi nimekuta limejazwa grauti (ule uji wa saruji wa kujazia maungio ya vigae) iliyosalia ndooni au saruji nyeupe, likafutwa kwa sponji, likang'aa siku ya kukabidhi kazi, na masika ya kwanza yalipopita ufa ukawa umerudi palepale.

"Fundi, mbona mlisema limekwisha?" aliniuliza mama mmoja wa Makorora, ingawa si mimi niliyeliziba.

"Lilizibwa, mama, ila kwa kitu kigumu, na hapa pana kitu kinachocheza."

Kabla ya kuulizia bei ya silikoni, kizibo kinachonyumbuka kama mpira na kuuzwa kwenye mirija, ni lazima kwa hiyo kujua kinachocheza ni kipi: ubao, fremu nzima, ukuta, au ni maji yanayoingia na kutoka. Mapengo mawili yenye upana sawa yanaweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa, na dawa inayofaa kwa moja huliharibu jingine.

Ukaguzi wa nusu saa

Vifaa vinavyohitajika ni rula, bisibisi bapa, sarafu, penseli, timazi na gololi ya mtoto. Pima upana wa pengo sehemu tatu, yaani juu, usawa wa komeo, na sentimita 10 kutoka sakafuni, kisha viandike vipimo hivyo mahali ambapo havitapotea. Pengo lenye milimita 8 kutoka juu hadi chini huonyesha kwamba nafasi iliachwa hivyo tangu mwanzo, lakini lenye milimita 4 juu na 12 chini huonyesha kwamba ama fremu haikusimamishwa wima, ama mwimo umejipinda. Timazi itasema ni lipi kati ya hayo.

Weka ncha ya kidole iguse fremu na kigae kwa pamoja, na mtu mwingine aubamize mlango kama watoto wanavyoubamiza. Kidole huhisi mtikisiko ambao jicho halioni. Gonga vigae vya ukingoni kwa sarafu, kimoja baada ya kingine: kilichoshika hutoa mlio mfupi na mkavu, kilichoachia hulia kama debe tupu. Choma miimo kwa bisibisi karibu na sakafu. Ubao mzima hukataa, uliooza hukubali. Mwisho weka gololi sakafuni karibu na mlango. Sakafu ya bafu inapaswa kushuka walau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na gololi inayobingirika kuja kwenye mwimo imekwisha kukupa nusu ya jibu.

Ufa mwembamba unaorudi kila mwaka

Hii ndiyo dalili iliyozoeleka kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ufa wa milimita 1 au pungufu hutokea kati ya grauti na ubao, huteremka wima kutoka juu hadi chini, hupanuka katika joto kavu la Januari na Februari, kisha hukaribia kufungika wakati wa masika, majira ambayo mlango huohuo huanza kukwama. Chanzo ni ubao. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, hukauka na kusinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wake, si kwa urefu. Grauti, kwa kuwa msingi wake ni saruji, hainyooki hata kidogo, wala haishiki vizuri kwenye ubao uliopakwa rangi au vanishi, na kwa sababu hiyo ubao unaposinyaa grauti hubaki na kigae, ufa ukafunguka upande wa fremu.

Kiasi cha kucheza hutegemea mti na ukavu wake. Mtiki, kama ule unaopandwa katika shamba la Longuza wilayani Muheza, hutulia vizuri ukikaushwa ipasavyo, na mvule na mninga nao hawana ghasia nyingi. Paini na saiprasi zinazoteremshwa kutoka milima ya Lushoto zinafaa kwa fremu, lakini mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, na mkaratusi mbichi hujipinda hata ukiupigilia misumari kumi. Mwimo wa inchi 2, yaani takriban milimita 50, uliosimamishwa ukiwa mbichi unaweza kupungua hadi milimita 2 utakapokauka, na hizo ndizo milimita anazoziona mwenye nyumba na kudhani kwamba ukuta wake umepasuka.

Ili kupata uhakika, bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya kigae, kingine juu ya fremu, chora mstari wa penseli kwenye kila kimoja, na upime umbali kati ya mistari hiyo mwezi wa pili na tena mwezi wa tano. Umbali unaopungua na kurudi ni wa ubao unaovimba na kusinyaa. Umbali unaoongezeka tu bila kurudi ni wa fremu au ukuta unaoondoka, nao una maelezo yake mbele.

Ikithibitika kwamba ni ubao, toa grauti yote iliyomo kwenye pengo hilo, na usiridhike na kuikwangua juu juu, kwa kuwa silikoni iliyopakwa juu ya grauti inayopasuka hupasuka nayo. Kipande cha msumeno wa chuma kilichozungushiwa kitambaa upande mmoja kinafaa kwa kazi hii kuliko grinda, ambayo huruka na kulimega kigae mahali pasipotakiwa. Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Silikoni ya ujenzi ya daraja la 25 imekusudiwa kuvumilia mabadiliko ya robo ya upana wa pengo. Ikiwa ubao unacheza milimita 2, pengo linapaswa kuwa na upana wa walau milimita 8 ili robo yake itoshe. Silikoni ileile ikisukumwa ndani ya ufa wa milimita 2 itatakiwa inyooke hadi mara mbili ya upana wake, nayo haitaweza. Ndiyo maana ushauri wa kupanua pengo kabla ya kuliziba, ambao kwa mwenye nyumba huonekana kama wazimu, ni ushauri sahihi.

Jambo la pili ni kina. Silikoni inapaswa kushika pande mbili tu, ubao na kigae. Ikishika pia saruji iliyo nyuma, huvutwa pande tatu kwa wakati mmoja na kuchanika katikati. Kwa hiyo sukuma ndani ya pengo kamba ya povu iliyo nene kuliko pengo kwa takriban robo, ili ikae kwa kubanwa, na uache nafasi ya mbele yenye kina cha karibu nusu ya upana, lakini kisichopungua milimita 6. Kamba hiyo haipatikani katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Nimewahi kukata vipande vyembamba vya soli ya kandambili, nikavifunika kwa utepe wa plastiki ili silikoni isivishike, na kazi ikakaa. Mahali ambapo pengo ni fupi kwa kina, utepe wa plastiki peke yake uliobandikwa kwenye saruji ya nyuma unatosha.

Mlango wa futi 7 una miimo miwili ya takriban mita 2.1 na sehemu ya juu ya mita 0.9, jumla mita 5.1 kwa upande wa bafuni. Mrija wa mililita 300 ukijaza pengo lenye upana wa milimita 10 na kina cha milimita 6 hufika mita 5 kamili, na kwa pengo la milimita 8 kwa 6 hufika mita 6 na kidogo. Hesabu hiyo humsaidia mwenye nyumba anapoletewa orodha ya mirija mitano kwa mlango mmoja.

Bandika utepe wa karatasi kwenye kigae na kwenye fremu, sukuma silikoni kutoka chini kwenda juu bila kukatiza, ilainishe kwa mgongo wa kijiko kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni, na uvute utepe mapema, ndani ya dakika tano au kumi. Silikoni hugandishwa na unyevu uliomo hewani, na hewa ya pwani yetu haina uchache wa unyevu, hivyo ngozi ya juu huja haraka kuliko fundi asiyezoea anavyotarajia. Ndani huenda polepole, kati ya milimita 2 na 3 kwa siku, kwa hiyo pengo la kina cha milimita 6 linahitaji siku mbili hadi tatu kabla ya kumwagiwa maji. Familia itafutiwe mahali pengine pa kuogea kwa siku hizo. Ni sharti linalovunjwa kuliko yote, hasa pale ambapo bafu ni moja na wapangaji ni watatu.

Silikoni inayobanduka kama ngozi ya nyoka

Ukiweza kuishika silikoni kwa vidole viwili na kuivuta ikatoka nzima, yenyewe haina kosa, haikushika. Angalia upande uliobanduka. Ikiwa imeacha ubao na mgongoni mwake ina maganda ya rangi, rangi ndiyo iliyoachia ubao, na ni lazima rangi ya zamani ikwanguliwe kwa msasa hadi penye uimara kabla ya kurudia. Ikiwa imeacha kigae na imetoka na vumbi jeupe, kigae hakikufutwa baada ya kukatwa. Ikiwa imeacha silikoni ya zamani, sababu ni kwamba silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kuganda, na hakuna njia ya mkato: ya zamani ikatwe kwa wembe, mabaki yasuguliwe, kisha pande zote zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti na kuachwa zikauke. Sabuni hutumika kulainisha baada ya kupaka. Wanaoosha pengo kwa maji ya sabuni kabla ya kupaka huacha utando ambao hakuna kitu kitakachoushika.

Pia inuse. Silikoni inayotoa harufu kali ya siki hutoa asidi inapoganda. Inashika vizuri kwenye kioo na kigae kilichong'arishwa, lakini kwenye saruji, lipu ya chokaa na chuma haifai, kwa kuwa asidi hiyo huingiliana na chokaa na kuanzisha kutu. Kwa pengo ambalo upande mmoja ni ukingo wa lipu au fremu ya chuma, nunua aina isiyo na harufu ya siki, hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Angalia na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa maana mirija hukaa sana kwenye rafu zenye joto. Kamua tone moja juu ya karatasi, na likiwa bado linanata kama asali baada ya saa moja, mrija huo urudishwe dukani.

Silikoni ya kawaida haipokei rangi. Anayetaka kupaka rangi juu yake atumie kizibo cha akriliki, lakini akiweke juu, penye ukavu, wala si katika nusu mita ya chini ambako maji ya ndoo hurukia.

Pengo linaloingia kidole

Pengo la milimita 15 hadi 30 huwa limezaliwa na mpangilio wa kazi. Tofali la inchi 6 lina milimita 150; lipu ya milimita 15 kila upande huufanya ukuta kuwa milimita 180; kigae chenye unene wa milimita 8 na gundi yake ya milimita 4 au 5 huufikisha karibu 193. Seremala aliyeambiwa tu "fremu ya inchi 6" ataleta ubao ambao baada ya kupigwa randa una milimita 145 hivi. Hapo kigae kitachomoza mbele ya fremu kwa zaidi ya sentimita 2, hata 4 ikiwa fremu imesawazishwa na upande wa pili, na ubao wa kufunika ukingo hautakuwa na mahali pa kulala, kwa sababu upande wake mmoja utagusa fremu na mwingine utaning'inia juu ya kigae.

Pengo la namna hii lisijazwe silikoni pekee. Hushuka kabla ya kuganda, huchukua majuma kukauka ndani, na hugharimu mirija isiyo na sababu. Kwanza hakikisha fremu haitikisiki. Ikitikisika, ingiza kabari za mbao nyuma ya mwimo katika sehemu tatu, toboa, na uikaze ukutani kwa skrubu za milimita 100 zenye plagi, ukianza usawa wa bawaba ya juu. Halafu jaza sehemu ya nyuma kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4, mkavu kiasi cha kushikana ukiufinyanga mkononi, na uache mbele nafasi ya milimita 8 hadi 10 kando ya ubao kwa ajili ya kamba ya povu na silikoni. Upande wa ubao unaogusa saruji upakwe kwanza rangi ya mafuta, la sivyo utanyonya maji ya mchanganyiko na kuvimba siku ileile.

Povu la kopo linalovimba lina wapenzi wengi siku hizi, na kwa kushikilia fremu kavu ni zuri. Lina mambo mawili ya kuangalia. Likijazwa kupita kiasi husukuma mwimo hadi mlango ukakataa kufunga, kwa hiyo lazima mbao za kukingamia ziwekwe kati ya miimo kabla ya kunyunyiza. Na likishakatwa kwa kisu, uso uliokatwa una matundu wazi yanayokaa na maji, kwa hiyo bafuni lisiachwe bila kufunikwa.

Kufunika nako kuna namna mbili. Ikiwa kigae kinachomoza, seremala aongeze ubao mwembamba mbele ya fremu hadi usawa wa kigae, ndipo aweke ubao wa kufunika juu ya vyote viwili. Ikiwa ukuta una mawimbi, ushikilie ubao huo wima kwa timazi, pitisha penseli juu ya kipande kidogo cha mti kando ya vigae ili mawimbi yajichore kwenye ubao, kisha uupunguze kwa randa kufuata mchoro. Seremala mzee aliyenifundisha jambo hili alitumia sarafu yenye tundu badala ya kipande cha mti, akiibingirisha ukutani huku penseli ikiwa imekaa katikati yake. Ukanda wa kigae uliokatwa mwembamba chini ya sentimita 3 ni suluhisho la mwisho, kwani hupasuka unapokatwa na huonekana kiraka hata ukikatwa vizuri.

Mwimo laini chini, rangi iliyovimba, harufu ya uvundo

Bisibisi ikizama, acha mambo ya silikoni. Kuziba pengo lenye ubao uliooza ni kuyafungia maji ndani. Mwisho wa ubao, pale msumeno ulipopita, hunyonya maji haraka mara nyingi kuliko ubavu wake, kama mrija, na fremu nyingi zimesimamishwa miguu yao ikiwa imezikwa ndani ya zege la sakafu, kisha vigae vikajengwa kuizunguka. Maji ya kuogea hupita kwenye grauti, hukaa chini ya kigae, na mguu wa mwimo hukaa ndani yake mwaka mzima. Mchwa hufuata, kwa kuwa unyevu ndio unaowaita.

Endelea kuchoma kwa bisibisi kwenda juu hadi ubao ukatae, ongeza sentimita 5, na ukate hapo kwa mshazari, ukingo wa mbele ukiwa chini kuliko wa nyuma ili maji yateleze kuja nje. Sehemu iliyoondolewa inaweza kurudishwa kwa ubao mpya uliotiwa dawa, lakini bafuni mimi hupendelea kuweka kisiki cha zege au kipande cha graniti chenye umbo la mwimo, kimo cha sentimita 10 hadi 15, kisha mwimo ukaketi juu yake. Kabla ya kuunga, loweka mwisho wa ubao kwenye rangi ya mafuta au dawa ya mbao mara mbili au tatu, ukiacha inywe. Acha milimita 5 kati ya ubao na kisiki, uzijaze silikoni. Kama gololi ilikuja mlangoni, sakafu nayo irekebishwe, au walau ijengwe kingo ndogo ya kizingiti, la sivyo kazi yote hii itakuwa na umri wa masika mawili.

Unga mweupe kandokando ya fremu

Unga unaofanana na chumvi mara nyingi ni chumvi hasa. Mchanga wa ufukweni usiooshwa, au maji ya kisima chenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia lipu, huiacha ukutani. Maji yakipita huiyeyusha, yakikauka juu huiacha usoni, na inapojenga fuwele zake nyuma ya rangi au silikoni huisukuma itoke. Iswaki ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, kwa sababu kuiosha huirudisha ndani. Ikirudi baada ya mwezi, tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kulaumu mchanga: bomba lililofichwa ukutani karibu na mlango, au grauti iliyokufa kwenye vigae vya juu. Lipu ya ukingoni iliyojaa chumvi hukatwa upana wa kiganja na kupigwa upya kwa mchanga wa mto.

Weusi juu ya silikoni ni kuvu. Ukiwa juu tu, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huutoa. Ukiwa umeingia ndani ya silikoni yenyewe, ikate na kuanza upya. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki wala asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kuivuta.

Ufa unaotoka pembe ya juu ya fremu na kukata vigae kwa mshazari ni suala jingine kabisa. Huo hautoki kwenye pengo; linta, yaani boriti iliyo juu ya mlango, haikulazwa vya kutosha ukutani, walau milimita 150 kila upande, au msingi umeshuka. Hapo aitwe mwashi mwenye ujuzi kabla ya mtu yeyote kufungua mrija wa silikoni.

Fremu za chuma, na nyumba za mawe

Fremu ya chuma haivimbi kwa unyevu, lakini kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na huko nyuma ya kigae husukuma hadi kigae cha ukingoni kikaachia. Sarafu italiona hilo mapema. Kwangua kutu hadi chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha silikoni isiyo ya siki. Alumini nayo huliwa na saruji mbichi, kwa hiyo zitenganishwe kwa utepe au rangi.

Kwenye nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizosalia karibu na bandari ya Tanga na katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, tahadhari ni kubwa zaidi. Kuta hizo ni nene, hunyonya unyevu na kuutoa polepole, na saruji ngumu inayojazwa kando ya fremu huuzuia unyevu huo na kuuelekeza kwenye ubao. Mapengo yake yajazwe kwa chokaa na mchanga uliooshwa, kwa tabaka zisizozidi sentimita 1 au 2, kila moja ikiachwa ishike kabla ya inayofuata, na silikoni ikae tu kwenye mstari wa mbele ambapo ubao unakutana na kigae.

Kwa mama wa Makorora, kidole kilikuta fremu imetulia, bisibisi ikakataliwa, na timazi ikaonyesha kwamba mwimo wa upande wa komeo, ambao ulikuwa mkaratusi, umejipinda milimita 6 katikati. Tulitoa grauti yote, tukapanua pengo hadi milimita 10, tukaweka kandambili, utepe na silikoni, na mistari ya penseli ikabaki nyuma ya mlango. Nilipopita mwezi wa tano uliofuata mistari ilikuwa imekaribiana kwa milimita 1 na nusu, silikoni ikiwa imebanwa kidogo bila kuachia upande wowote. Alichonilalamikia safari hiyo ni komeo.